Huzuni ya Kuazima: Nyimbo za Taratibu za Utoto Wetu Mbulu na Hanang

Wapenzi wa muziki nchini mwetu wamelipatia taifa neno ambalo washairi wangeweza kulionea wivu. Neno lenyewe ni "zilipendwa". Ukilichambua kwa sarufi, lasema kwamba nyimbo hizo zilipendwa zamani, na kwamba jambo hilo limekwisha. Lakini mtu hulitamka neno hili wakati ule ule anapoinuka kitini kuucheza wimbo, na uso wake waonyesha wazi kwamba upendo haujaisha hata kidogo. Neno moja, basi, limebeba mambo mawili: upendo ungalipo, na wakati umekwenda. Hiyo ndiyo hamu ya yaliyopita.

Katika insha hii twakusudia kuzitazama zilipendwa za aina moja ambayo wachunguzi wa utamaduni wetu huipita upesi, ama kwa kuidharau ama kwa kuionea haya. Nazo ni nyimbo za taratibu za kigeni, nyimbo za mahaba na majonzi, zilizotufikia kwa redio na santuri sisi tuliokulia katika wilaya za Mbulu na Hanang katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo wilaya hizo zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha. Tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara. Swali letu ni hili: je, wimbo ulioimbwa na mgeni, kwa lugha ya kigeni, juu ya mambo ya nchi ya kigeni, waweza kuwa sehemu ya utamaduni wa mtoto wa Kiiraqw au wa Kidatooga? Na ikiwa waweza, watufundisha nini juu ya nyimbo zetu wenyewe?

Kwanza yafaa tuseme nyimbo hizo zilikuwa zipi. Huko zilikotoka zilikuwa na majina mengi, na wenyewe walizigawa katika mafungu: kantri, pop, roki laini na kadhalika. Sisi hatukuujua mgawanyo huo. Wimbo wowote wa polepole, wenye sauti tamu na maneno ya kuumiza moyo, tuliuita "bluzi". Chini ya jina hilo walikaa pamoja Jim Reeves na Skeeter Davis, Don Williams na Dolly Parton, Kenny Rogers na ndugu wale wa Bee Gees, hata ABBA wa Sweden walipopunguza mwendo. Mjuzi wa muziki angetucheka kwa kuwachanganya hivyo. Lakini mpangilio wetu ulikuwa na mantiki yake: tulizipanga nyimbo kwa kadiri zilivyotugusa, wala si kwa kadiri zilivyouzwa.

Aliyetangulia wote alikuwa Jim Reeves. Mwimbaji huyu alizaliwa Texas mwaka 1923, akafa katika ajali ya ndege karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964, akiwa na umri wa miaka 40. Wengi wetu tulimpenda bila kujua kwamba alikuwa amekwisha kufa kabla hatujazaliwa au tukiwa bado tumebebwa mgongoni. Alikuwa amejifunza kuimba kwa sauti ya chini, mdomo ukiwa karibu na kipaza sauti, kama mtu anayezungumza na mwenzake usiku asitake kuwaamsha waliolala. Sauti ya namna hiyo haikuwa ngeni katika nyumba zetu. Nyanda za juu za Mbulu zina baridi, na mwezi wa Juni na Julai ukungu hukaa mpaka jua lipande. Jioni watu hukaa ndani karibu na moto, mifugo ikiwa chini ya paa lile lile, na mazungumzo ya saa hizo ni ya sauti ya chini. Tena mwimbaji huyo alirekodi nyimbo za dini na nyimbo za Krismasi, kwa hiyo hata wazazi walioshika sana kanisa, wawe Wakatoliki au Walutheri, walimfungulia mlango.

Njia zilizozileta nyimbo hizo zilikuwa chache na nyembamba. Santuri ziliingia kutoka Nairobi, hasa kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika na mpaka kufungwa mwaka 1977. Redio ya Kenya ilisikika kwetu, hasa usiku. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa imechukua jina hilo mwaka 1965, iliutumikia kwanza muziki wa nchini, kama ilivyopasa, lakini katika matangazo yake ya Kiingereza nyimbo za nje zilipata nafasi. Redio zenyewe hazikuwa nyingi. Mwenye redio alikuwa mwalimu, au mwenye duka, au karani, au mtumishi wa hospitali kama ile ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955. Betri zilikuwa adimu na ghali. Zilipochoka zilitolewa na kuanikwa juani juu ya paa la udongo la tembe, ili zipate nguvu za kutosha kwa taarifa ya habari na, Mungu akipenda, kwa wimbo mmoja baada yake.

Yafaa tulishike jambo hilo la betri, kwa maana ndani yake mna siri kubwa ya mapenzi yetu kwa nyimbo hizo. Wimbo ulikuja mara moja, ukapita. Hapakuwa na namna ya kuurudisha. Aliyekuwa nje akichunga aliukosa, na waliousikia waliulizwa: uliendaje? Nao waliuimba tena, kwa maneno nusu ya Kiingereza na nusu ya kubuni, mpaka mchungaji naye akaushika. Kwa njia hiyo wimbo wa Nashville ulipitishwa kutoka kinywa hadi kinywa, sawa na ngano na vitendawili. Redio iliutoa mara moja tu; kazi iliyobaki ilifanywa na jamii.

Wala hatukusikiliza kwa namna ya kigeni. Wairaqw, ambao wageni wamezoea kuwaita Wambulu, wana utenzi wa dua na baraka uitwao slufay. Mzee mmoja husema, na waliokusanyika humwitikia kwa pamoja kila anapofika mwisho wa fungu. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo hawezi kukaa kimya mbele ya sauti inayopanda na kushuka kwa mpango. Tuliwaona wazee wasiojua hata neno moja la Kiingereza wakiguna kwa pamoja kila beti ya bluzi ilipokwisha, kwa adabu ile ile waliyompa msema slufay. Kwao redio ilikuwa mgeni aliyekaribishwa kusema, na mgeni akisema huitikiwa.

Sasa tuyatazame maneno ya nyimbo hizo. Wimbo wa Jim Reeves uliompatia sifa kubwa kupita zote, uliotoka mwishoni mwa mwaka 1959, ni wa mtu anayezungumza na mpenzi wake kwa simu ilhali mwanamume mwingine yu pamoja naye. Wengi wetu tulikuwa hatujapata kuigusa simu. Kwetu simu ilikuwa kitu cha posta na cha ofisi ya serikali. Hata hivyo tuliuelewa wimbo huo barabara, kwa maana kila mtu ajua ilivyo kumsihi aliye mbali, asiyeonekana, ambaye huenda hasikilizi. Mwaka 1977 Kenny Rogers aliimba juu ya mkulima aliyeachwa na mkewe katika majira ya mavuno, na watoto wanamtazama yeye. Wimbo huo haukuhitaji mkalimani katika uwanda wa Basotu. Mtu aliyeyaona mashamba yameiva, na ajuaye kwamba mvua au ndege hawamngojei mwenye msiba, aliujua uzito wa kisa hicho kabla hajaambiwa maana ya maneno.

Lakini mtoto wa miaka kumi alikuwa akimlilia nani? Hakuwa na mpenzi wa kumwacha, wala mke wa kumkimbia. Jibu letu ni kwamba mtoto huyo aliazima huzuni, kama mtu anavyoazima jembe kwa jirani kabla hajawa na lake. Na jembe la kuazima nalo hulima. Katika jamii zetu mtoto wa kiume hakutarajiwa kulia mbele ya watu, na wa kike alipewa kazi za nyumbani ili machozi yapate kukauka. Bluzi ilimpa kila mmoja ruhusa ya kukaa kimya, kutazama moto, na kuwa na majonzi bila kuulizwa sababu.

Na sababu zenyewe zilikuwapo, ingawa wimbo haukuzitaja. Miaka ile ilikuwa miaka ya kuagana. Operesheni ya vijiji, iliyoshika kasi kuanzia mwaka 1973 hadi 1976, ilizihamisha kaya nyingi kutoka miji yao ya asili, na majirani wa vizazi vingi wakatengana. Katika Hanang, kuanzia mwaka 1970 yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Canada, yakaenea hata yakafikia takriban ekari 100,000, juu ya ardhi ambayo Wadatooga, hasa Wabarabaig, walikuwa wakiilisha mifugo yao na ambamo wazee wao wamezikwa. Ngano hiyo ilililisha taifa, na jambo hilo ni la kukumbukwa. Na waliohama na ng'ombe wao kutafuta malisho mengine, nao ni wa kukumbukwa. Mwaka 1978 vita vya Kagera vilianza, na vijana wakaondoka. Si wote waliorudi. Wengine wetu tulipelekwa shule za mbali, tukatazama Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ukizama nyuma ya basi. Kwa hayo yote hatukuwa na maneno. Tulikuwa na wimbo wa mtu wa Tennessee anayesema kwaheri, na huo tukautumia.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema kwamba kuzipenda nyimbo hizo kulikuwa dalili ya kasumba tu. Hoja yao ina historia ya heshima. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi wetu walizijua dansi za Ulaya na Marekani kuliko ngoma za makabila yao. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam. Mwaka 1974 liliundwa Baraza la Muziki la Taifa, na mwaka 1984 likaundwa Baraza la Sanaa la Taifa. Hatua hizo zilitokana na haja ya kweli, kwa maana taifa changa lililofundishwa kujidharau lilipaswa kufundishwa kujithamini. Lakini katika hotuba ile ile ya mwaka 1962 Mwalimu alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Sehemu hiyo ya pili husahauliwa mara nyingi.

Tena matokeo yalionyesha kwamba masikio yaliyozoea bluzi hayakuzibika kwa muziki wa nyumbani. Sikio lile lile lililofundwa na Jim Reeves kungoja kisa, kusikia kila neno na kuivumilia huzuni mpaka mwisho, ndilo lililoupokea wimbo wa "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe, "Georgina" na "Zuwena" za Marijani Rajab, na "Neema" wa Mlimani Park. Hapo tuligundua kwamba majonzi yale yaweza kusemwa kwa Kiswahili, na kwamba Kiswahili chayasema vizuri zaidi, kwa sababu sasa tulielewa kila neno. Mbaraka Mwinshehe alipofariki katika ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, watu wa milimani kwetu, ambao hawakupata kumwona, waliomboleza kama waliofiwa na ndugu. Wimbo wa kuazima ulikuwa umetutayarisha kwa wimbo wetu.

Twafika sasa kwenye jambo lililotufanya tuiandike insha hii. Hamu ya yaliyopita haiji yenyewe tu. Yahitaji kitu cha kuiamsha, nacho aghalabu ni sauti. Katika zama zetu sauti haikai mahali pengine ila katika kanda na mitambo. Nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri, lakini Redio Tanzania ilizirekodi bendi zetu katika studio yake, ikazihifadhi kanda kwa maelfu. Kwa sababu hiyo twaweza leo kuwasikia Mbaraka na Marijani. Jim Reeves alihifadhiwa na makampuni ya Marekani. Mtu wa Dongobesh au wa Katesh anayeishi leo Dar es Salaam, akishikwa na hamu ya bluzi ya utotoni, huipata katika simu yake kabla chai haijapoa. Lakini akishikwa na hamu ya wimbo ambao bibi yake aliuimba akisaga mtama, atautafuta wapi?

Tuseme wazi. Nyumba zetu zilikuwa na nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Moja ilitoka redioni, nyingine ilitoka jiweni kwa msagaji, kitandani kwa mlezi, zizini kwa mchungaji. Wadatooga huwaimbia ng'ombe wao wa fahari, kila mmoja kwa jina na rangi yake. Wanawake wao wana nyimbo takatifu. Na mzee mwenye heshima azikwapo kwa bung'eda, mazishi yachukuayo miezi mingi, nyimbo ni sehemu ya kuujenga mnara wa kaburi lake. Wairaqw wana slufay, tuliyoitaja, na nyimbo za harusi na za kazi. Watangazaji wa redio walisafiri mikoani kurekodi ngoma, na wachunguzi walifanya kazi ya kusifiwa, W. D. Kamera, kwa mfano, alikusanya hadithi za Wairaqw na kuzichapisha kwa Kiswahili katika miaka ya 1970. Lakini ngoma ya uwanjani ndiyo iliyomfuata mwenye kinasa sauti. Wimbo wa jikoni, ulioimbwa na mama mmoja kwa mtoto mmoja, haukumfuata mtu.

Matokeo yake ni kwamba kumbukumbu zetu zimeanza kuinama upande mmoja. Tukikutana watu wa rika letu, tunazungumza juu ya bluzi kwa saa nzima, maana kila mmoja azikumbuka. Tukiulizana juu ya nyimbo za mama zetu, mmoja hukumbuka mstari, mwingine hukumbuka mahadhi bila maneno, kisha wote hunyamaza. Si kwamba tulizipenda kidogo, bali moyo hauwezi kuushika peke yake, kwa miaka hamsini, wimbo usiosikika tena popote.

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaupiga mji wa Katesh na vijiji jirani kama Gendabi, yakaua watu zaidi ya 80 na kuzifagia nyumba nyingi. Twautaja msiba huo kwa heshima ya waliofiwa, wala si kwa kutafuta mfano. Lakini wenyeji wote waliona siku ile jinsi nyumba na vyote vilivyomo viwezavyo kutoweka katika asubuhi moja. Kitu kinachokaa katika nyumba moja tu hakijahifadhiwa. Na wimbo unaokaa katika kifua cha bibi mmoja tu umo hatarini zaidi, kwa maana hauhitaji mlima uporomoke. Yatosha bibi huyo aende zake.

Je, tuache basi kuzisikiliza nyimbo za Jim Reeves ili tupate nafasi ya nyimbo za jikoni? Hapana. Moyo si ghala lenye kujaa gunia hili likazuia lile. Nyimbo zile za kigeni zilitulea; zilitufundisha kwamba huzuni ya mtu mmoja, ikiimbwa kwa uangalifu na kuhifadhiwa kwa uangalifu, yaweza kumfaa mtu wa mbali ambaye mwimbaji hakupata kumwazia. Somo hilo ndilo deni letu kwao. Wala deni hilo halilipwi kwa kuzikana nyimbo hizo. Hulipwa kwa kuwafanyia waimbaji wetu lile ambalo wao walifanyiwa na watu wao.

Nalo si jambo la gharama tena. Zamani ilihitajika gari, fundi na mtambo mzito. Leo simu iliyomo mfukoni mwa kijana wa Mbulu Mjini yaweza kurekodi kwa usafi kuliko vinasa sauti vingi vya miaka ile. Kinachotakiwa ni utaratibu. Pamoja na wimbo yarekodiwe jina la mwimbaji, kwa ridhaa yake, na jina la kijiji. Isemwe pia ni wakati gani wimbo huo huimbwa, nani aruhusiwa kuuimba, na maana yake kwa Kiswahili, ili mwana wa Kiiraqw aliyezaliwa mjini, na Mtanzania wa Lindi au wa Pemba, wapate kuuelewa. Nyimbo ambazo mila yakataza zisisikiwe na kila mtu ziheshimiwe hivyo. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine shuleni, nyingine kwa afisa utamaduni wa wilaya, ili isikae mahali pamoja.

Watoto wetu nao watakuwa na zilipendwa zao, na nyingi zitakuwa za kigeni, hilo halitutishi. Twalotaka ni kwamba siku watakapozeeka na kushikwa na hamu ya zamani, kati ya sauti watakazoweza kuziita zirudi iwemo pia ya bibi yao, akiimba kwa lugha yake, na jiwe la kusagia likisikika chini ya wimbo.